Buluu ya Fundi Hanifu

Kama kuna kitu Hanifu alikichukia hapa duniani, ni makofi ya siku ya kukabidhi jengo. Mgeni rasmi anakata utepe, anafungua bomba, maji yanatoka, watu wanapiga makofi, pilau linaliwa. Hakuna hata mmoja anayeuliza maji yale yanakwenda wapi. Naye Hanifu, fundi bomba wa mtaa wa Majengo, mjukuu wa wachuuzi waliofika Dodoma na misafara wakalowea, aliishi akiuliza hilo tu.

Kuuliza kwenyewe alifundishwa kwa jasho. Mwaka 1976, akiwa kijana kwenye karakana ya ujenzi ya serikali, alimwambia msimamizi wake kwamba bomba la maji machafu la nyumba moja ya mtumishi liko sawa, kumbe hakulijaribu. Msimamizi huyo, Ebenezer, hakumfokea. Alichukua pakiti ya buluu, ile ya kung'arishia mashati meupe, akaikoroga kwenye ndoo ya maji, akaimwaga kwenye sinki. Kisha wakaenda nje kusimama kwenye chemba, lile shimo dogo lenye mfuniko ambalo maji machafu hupitia kabla ya kuingia shimo kubwa. Buluu haikuja. Ebenezer akamkabidhi sururu, na Hanifu akafukua mtaro mzima peke yake kwenye jua la Oktoba mpaka akakuta kiungo alichokiacha wazi.

"Ukikabidhi jengo hujalijaribu," Ebenezer alimwambia, "umemkabidhi mtu maradhi."

Tangu siku hiyo Hanifu hakutoka nyumbani bila pakiti ya buluu mfukoni. Mkewe, Adija, alichoka kufua suruali zenye madoa.

Mambo yakageuka. Biashara zikafunguliwa, karakana ikafungwa, na panga la kupunguza wafanyakazi likampitia Hanifu. Akabaki kuzibua mabomba ya Majengo, mkoba begani. Ebenezer akawa mkandarasi, na gari jeupe juu. Hanifu hakumwonea kijicho. Alisema kama kuna mtu anayestahili kujenga, ni yule.

Ndiyo maana mwaka 1995, Ebenezer alipompelekea ujumbe kwamba anamhitaji, Hanifu alikwenda mbio. Kulikuwa na wodi mpya ya wazazi kwenye kijiji kimoja njia ya kwendea Mlali. Ilihitaji hati yenye sahihi ya fundi anayeaminika, kwamba maji safi na maji machafu yamejaribiwa. Mgeni rasmi angefika keshokutwa.

Wodi ilikuwa inameremeta. Sakafu ya saruji imesuguliwa mpaka unajiona uso, kuta zimepakwa rangi, mabomba yote yanatoa maji. Mkunga, Sista Yudith, alimzungusha chumba hadi chumba kwa furaha. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akizalisha akina mama kwenye chumba kisicho na bomba, akinawa kwa kata.

"Sista, nipatie ndoo," Hanifu alisema. "Halafu nenda kasimame kwenye chemba kule nje. Ukiona maji ya buluu, niite."

Alimwaga ndoo ya kwanza kwenye sinki la chumba cha kuzalia. Akasubiri. Akamwaga ya pili, ya tatu, ya sita. Sinki lilikunywa yote bila kinyongo, na Yudith hakuita. Hanifu akatoka nje, akainama juu ya chemba. Ilikuwa kavu, na buibui ameshatanda.

Pale pale alijua, na damu ikamchemka. Bomba lilikuwa limeishia chini ya sakafu. Walimwaga zege kabla ya kuliunganisha.

"Kwa hiyo damu na maji yote ya uzazi yatakaa chini ya miguu yetu?" Yudith aliuliza.

Hanifu alikuwa akitazama mteremko ulioanzia ukutani mwa wodi, ukashuka hatua kama themanini hivi hadi kwenye kisima cha kijiji, ambako wanawake walikuwa wakichota.

Ebenezer alifika alasiri. Hanifu alimwamkia kwa sababu tu ni mkubwa wake.

"Mzee, buluu haikutoka."

Ebenezer aliutazama mkoba, akaitazama suruali yenye madoa, akacheka kidogo. "Bado unatembea na hiyo kitu?"

"Wewe ndiye uliyenipa."

"Sikiliza, Hanifu. Waliiwahisha ziara kwa mwezi mzima. Ningefanya nini? Vijana wakamwaga zege ili wapake rangi. Weka sahihi, sherehe ipite, nitakuja kurekebisha."

"Utakuja kuvunja sakafu na wanawake wanajifungua juu yake?"

"Usinifundishe kazi."

"Nani mwingine akufundishe? Umeisahau!" Hanifu alipaza sauti mpaka mafundi wa rangi wakageuka. "Ulinichimbisha mtaro mzima kwa kiungo kimoja. Leo unataka watu wanywe uchafu kwa sababu ya utepe!"

Ebenezer alikunja hati, akaitia mfukoni. "Si wewe peke yako unayejua kuandika jina," alisema, akaingia garini.

Kesho yake hati ilikuwa na sahihi. Hanifu hakujua ya nani, wala hakujali. Angeweza kupanda gari la mahindi akarudi zake Majengo, na hasira zilimsukuma afanye hivyo. Lakini alilala kijijini, na asubuhi akaenda kukaa na Yudith, wakanong'ona kwa muda mrefu. Yudith naye akaenda kuzungumza na akina mama wa ngoma.

Sherehe ilifana. Utepe ukakatwa, bomba likafunguliwa, maji yakaruka, makofi yakapigwa. Hanifu alikuwa nyuma kabisa, mikono mifukoni. Kisha Yudith akajitokeza na ndoo, akapiga goti kidogo.

"Mgeni rasmi, akina mama wana zawadi yao. Wanaomba umwage haya maji ya rangi kwenye sinki. Wao wanayasubiri kule nje kwenye chemba. Yakifika tu, watakupigia vigelegele ambavyo hujapata kuvisikia."

Mgeni rasmi alifurahi. Alimwaga ndoo kwa mikono yake mwenyewe, akatoka na msafara wake kwenda kusikiliza vigelegele. Wanawake thelathini walikuwa wameizunguka chemba iliyofunuliwa, midomo tayari, macho chini. Wakasubiri. Mgeni rasmi akatazama saa. Ebenezer alitoa leso, akafuta shingo, akaifuta tena. Kimya kilikuwa kizito mpaka ukasikia kwato za mbuzi kule kisimani.

Bibi mmoja mwembamba akainua kichwa. "Mwanangu," alimwuliza mgeni rasmi, "maji mmeyapeleka wapi?"

Hakuna aliyekula pilau kwa raha siku ile. Mgeni rasmi aliamuru wodi ifungwe mpaka bomba liunganishwe, na ufunguo akapewa Yudith.

Wiki iliyofuata Ebenezer alirudi na vijana wake kuvunja sakafu. Hanifu alikuwa ameshafika. Aliwapita vijana wote, akamwendea bosi wao na kumpa sururu. Ebenezer aliipokea, akavua koti, akaanza kuchimba. Alichimba siku mbili, na Hanifu hakumpokea sururu hata mara moja. Bomba lilipounganishwa, buluu ilifika kwenye chemba kabla ndoo haijaisha, na Yudith akapiga vigelegele peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Ebenezer alikaa kwenye kifusi, viganja vimechubuka. "Umeridhika sasa?"

"Tangu uache karakana umekabidhi majengo mangapi?"

"Hili ni la kumi na moja."

"Na yale kumi uliyajaribu?"

Ebenezer aliinamisha kichwa. Kati ya hayo kumi mlikuwa na shule mbili na bweni la wasichana, na Hanifu aliyajua yote. Hasira aliyodhani imeisha ikampanda upya. Akatoa mfukoni pakiti ya buluu ambayo haijafunguliwa, akaiweka juu ya kiganja kile kilichochubuka.

"Twende. Tunaanza na bweni."