Nimeuliza, Nimehakikisha

Waongo wakubwa, hao wanaosema Bi Hakika ndiye aliyekiua kile kituo cha televisheni! Yeye ndiye aliyekilea. Muuza mabati alipopata kibali na kufungua kituo ghorofani, juu ya duka lake, alikuwa na kamera moja, meza moja na pazia la buluu aliloliazima kwa mkewe. Msomaji wa habari hana. Akamchukua mama huyu, mwalimu wa darasa la tatu, kwa sababu sauti yake ilivuka ukuta wa shule ikafika mpaka dukani.

Mama yule hakujua kuichekea kamera, ila kuuliza alijua. Ikisemwa zahanati haina dawa, anakwenda mwenyewe, anafunguliwa kabati, anatazama. Kisha jioni kila habari anaifunga kwa maneno yaleyale: "Nimeuliza, nimehakikisha." Ndipo watu wakampa jina. Kufika mwaka wa tatu, saa moja ikigonga, mtaa mzima kimya. Vituo vikubwa vilihangaika na harusi za wakubwa. Huyu alikuonyesha mtaro uliofurika mlangoni kwako.

Sasa, pale kulikuwa na desturi moja. Kamera ndiyo hiyo moja, na haikawii kuharibika, kwa hiyo kila Jumatatu Bi Hakika alirekodiwa maneno ya akiba: salamu, kuomba radhi, na ile "nimeuliza, nimehakikisha" mara kadhaa, kwa nguo tofauti. Ya dharura, walisema. Nani angedhani?

Mafanikio yakampanda kichwani yule tajiri wa mabati. Akamleta shemeji yake, mtu asiyejua hata kuwasha kamera, akamfanya mkurugenzi wa vipindi. Shemeji naye akamleta muuza maji ya mizizi: kunywa chupa moja, ugonjwa wa sukari kwisha, sindano tupa! Na mwishoni mwa tangazo, kwa ujeuri usio na haya, akabandika kipande cha akiba. Bi Hakika huyo, gauni la kijani, anakutazama usoni: "Nimeuliza, nimehakikisha."

Mwenyewe alikuwa safarini wiki tatu, akifuatilia habari ya daraja lililobomoka. Aliporudi alimkuta shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, amelazwa hospitali, mguu umekuwa mweusi hadi kifundoni.

"Shangazi, na sindano zako je?"

"Si ulisema niache, mwanangu? Nilikuona kwa macho yangu."

Alizipanda ngazi za kituo mbili mbili. Shemeji kaketi, anazungusha funguo za gari kidoleni. "Dada, usijipandishe presha bure. Si sauti yako? Si ulisema mwenyewe?" Loo! Mama wa watu anakwenda kukatwa mguu, na mtu ana mdomo wa kusema hayo! Na tajiri, aliyekula kwa jina la mwanamke yule miaka minane, anatazama dirishani: "Tuyamalize humu humu, mama. Watazamaji wasijue."

Wasijue? Saa moja jioni Bi Hakika alikaa mezani, akaisukuma kando karatasi ya habari. "Tangazo lile ni uongo. Sikuuliza, wala sikuhakikisha. Mlioacha sindano, nendeni hospitali sasa hivi." Mpiga kamera aliuziba mlango kwa mgongo wake, shemeji akigonga nje, mpaka neno la mwisho.

Kituo hakikumaliza miezi minne. Watazamaji wakahama, watangazaji wa sabuni wakajitoa, kibali kikafutwa, ghorofani wakapanga mabati. Shemeji je? Amepata kazi kituo kingine, kikubwa kuliko kile. Ndiyo dunia yetu hiyo! Na wale waliokuwa wafanyakazi wa kituo, wakikutana na Bi Hakika njiani, wanageuza uso, eti amewamwagia unga wao.

Hayo yote aliyameza. Lililomshinda ni la siku aliyomrudisha shangazi nyumbani na mguu mmoja. Alimketisha kitandani, akafungua boksi jipya la sindano.

"Daktari amesema asubuhi na jioni, shangazi. Nimemuuliza mwenyewe."

Shangazi akamshika mkono ule wenye sindano, akaurudisha nyuma polepole, huku akimtazama usoni.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Mwite jirani, naye aje aniambie."