Kati ya Wembley Park na Finchley Road

Mara ya kwanza ilimkuta Mwatima steshini Harrow, asubuhi, watu wakisukumana na milango ya treni ikifungwa. Moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakatika. Akajua ndiyo mauti. Akapiga shahada, akaanguka. Hospitalini wakampima, wakamwambia moyo wake mzima kabisa.

"Mzima?" alimwambia bintiye, Sundus. "Mbona nimekufa nikarudi?"

Akaacha treni. Mwanamke wa Wete, miaka ishirini yuko ughaibuni anawaogesha wazee wa watu, akawa anabadilisha mabasi matatu kwenda kazini. Ile hali ikamfuata kwenye lifti, dukani, hata kwenye sala. Ikafika pahala akawa anaiogopa hofu yenyewe.

Siku moja ikamshika akimvisha soksi Mansukh, mzee wa Kihindi aliyefukuzwa Kampala ujanani. Mwatima alikaa sakafuni akitweta. Mzee akamshika mkono.

"Mama, hii mimi najua," alisema kwa Kiswahili chake cha bara. "Miaka kumi ilinitesa. Haiui. Toa pumzi polepole, kama napoza chai. Halafu enda kwa daktari, sema yote."

Daktari akampeleka kwa mshauri nasaha, Stéphanie, Mkongomani. Huyu alimweleza kuwa mwili wake unapiga kengele ya hatari pasipo hatari, na kila akikimbia, mwili unaamini hatari ilikuwepo kweli.

"Watu wakisukumana mlangoni, dada, unakumbuka nini?"

Mwatima alianza kueleza.

"Kaka yangu Shaame alinipigia simu yuko melini, anakwenda Wete harusini. Akasema watu wamejaa mpaka mlangoni, anataka kushuka. Nikamwambia, usishuke, harusi itakupita." Akafuta uso kwa mtandio. "Meli haikufika."

Miaka kumi na tatu hajapata kumwambia mtu.

Kwa ushauri wa Stéphanie, Mwatima alianza na kituo kimoja cha treni, Sundus akiwa ubavuni. Kisha viwili. Siku aliyokwenda peke yake, ile hali ikamvamia baada ya Wembley Park, ambapo treni haisimami mpaka Finchley Road. Mle ndani ya behewa alimsikia Shaame akimwita, sauti ile ile. Hakuziba masikio. Akatoa pumzi, akatoa tena. Hofu ikapanda, ikafika kileleni, ikaanza kushuka.

Finchley Road aliteremka. Akakaa kwenye benchi hadi treni nyingine ikaja, akapanda.

Siku nyingine bado humsikia Shaame.