Cheti cha Papa

Cheti cha kuzamia cha Iddi kilitoka kabla Iddi mwenyewe hajalowa.

Wadau, haya yametokea hapahapa Kilwa Masoko.

Iddi na mkewe Zakia walikuwa wanatembeza wageni kwenye magofu. Hoteli moja ikatangaza: inatafuta watu wa kuzamia na wageni huko Songo Mnara, wenye cheti.

Walimu wa kuzamia walikuwa wawili, kila mmoja na shirika lake la vyeti. Likwata, kadi yenye nembo ya papa. Salima, kadi yenye nembo ya kasa.

Ya papa ilikuwa inang'aa.

"Hapa ndipo penyewe," Iddi akasema. "Mtu mzima nitembee na kasa mfukoni?"

Zakia hata kadi hakuzitazama. Aliwauliza walimu swali moja: "Nikiogopa huko chini, inakuwaje?"

Likwata akacheka. "Kwangu hakuna kuogopa, dada. Siku moja tu, una cheti."

Salima akajibu, "Tunapanda juu, tunapumzika, tunajaribu tena. Mpaka uweze. Usipoweza, cheti sikupi."

Zakia akaenda kwa Salima. Wiki nzima akawa anameza maji ya chumvi: vua miwani, vaa miwani, zibua masikio.

Iddi anamsanifu. "Wenzio tumehitimu, wewe bado unaoga!"

Kweli alihitimu. Likwata alimfundisha chumbani, akampa kadi jioni hiyohiyo. Bahari, alisema, ni mazoezi tu.

Siku ya mazoezi ikafika. Boti ya Salima nayo ilikuwa jirani, Zakia ndani.

"Shuka, kaka! Mtungi wa hewa umejaa!" Likwata akasema, yeye kakaa kwenye boti, eti anasimamia.

Iddi akazama kama jiwe. Masikio yakambana kama yanataka kupasuka. Akapaniki, akafyatuka juu, damu puani, anapigapiga maji.

"Mama, nakufa!"

"Tulia!" Likwata akamfokea. "Una cheti!"

"Jitose umchukue!" Salima akapiga kelele.

Likwata akakumbatia ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Sijui kuogelea!"

Zakia hakusubiri. Akajitosa, akamshika mumewe kwa nyuma, akamvuta hadi kwenye boti. Iddi anamng'ang'ania kama mtoto.

Leo Zakia ndiye anayezamia na wageni. Iddi anawasubiri juu, sikio moja limekufa, ukimwita lazima upayuke.

Na Salima ana mwanafunzi mpya. Maji yanamfika kiunoni, kashikilia ngazi, hataki kuiachia. Likwata.

Wadau, ukitaka kujifunza kuzamia, achana na nembo. Muulize mwalimu atakufanyia nini ukiogopa.

Halafu mwambie atangulie yeye majini, umwone.