Kukata Seli Mbele ya Mama

Kazi yangu ni kukata. Watu wa Mbarara wakiniona na koti jeupe hudhani natibu. Natibu nini! Naweka seli hai chini ya hadubini, naipiga kwa leza, uzi wa DNA unakatika, halafu naangalia kama itajiunga au itakufa. Nimeua nyingi, na usingizi sikosi.

Siku ile mama alikuwa ametoka Juru, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, kuja kuonyesha mkono wake hospitalini. Mkono huo ulipigwa panga kule Kivu, Kongo, kabla hatujakimbia, mara tatu, mfupa ukaonekana. Hadi leo vidole viwili havikunjiki. Hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi akikatwa, nami nimeishi nikiliogopa swali hilo. Nikamwingiza maabara aone kazi ya mwanawe.

"Iko na uzima?" akauliza, akitazama duara la kijani kwenye skrini.

"Iko, mama. Sasa naikata."

"Ngoja tuombe kwanza."

Kwetu hata jembe haliingii shambani bila maombi, na maombi ya mama hayana breki. Akafumba macho, akaanzia kwa Adamu. Seli hazingoji, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikabonyeza kabla ya amina.

Alisikia kitufe. Akanizaba kofi nikaona nyota. "Weye mutoto! Unaikata na bado ninaiombea?"

Shavu liliwaka. Kwenye skrini, pale nilipokata, mstari ukaanza kung'aa: ni protini za kuunga, zinakimbilia jeraha. Nikamweleza hivyo. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Banakuja mingi," akasema polepole. "Banakimbia fasi ya kidonda, pale ulikata."

Siku ya panga aliniita kwa jina, mara mbili. Mimi, kijana wa kubeba gunia la mahindi peke yangu, nilikuwa mle mle ndani, chini ya kitanda, nimeuma shuka. Halafu akanyamaza, na panga likaendelea kushuka, nikasikia kila pigo.

"Nilikusikia, mama," nikasema, machozi yananitoka. "Nilisikia na sikutoka. Niliogopa."

Hakugeuka. Aliendelea kutazama ule mstari.

"Najua. Niliona miguu yako chini ya kitanda. Ndiyo maana nilinyamaza, ili bale batu ba panga basikutafute."