Lozi, Rozi na Jina la Raihana

Jumamosi saa sita mchana. Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mtaa, umeisha, na wanawake wa Biryogo hapa Kigali wanarudi na majembe mabegani, matope ya masika yamewapanda hadi magotini. Wengine wanaingia makwao moja kwa moja. Wengine wanakata kona nyuma ya duka la fundi cherehani, wanainama chini ya kanga zilizoanikwa, na kutokea kwenye ua mdogo ambako Raihana Nyiraneza ameshatandika mkeka na kuinjika sufuria ya maji.

Leo wameingia wachache. Mwezi wa tatu mwaka huu wa 1991, wanasema majirani, ua huu ulijaa hata pa kuvulia viatu hapakuwepo.

Raihana anamshika mmoja mguu. Anauosha kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani ya mkaratusi, anaukausha, kisha anamimina mafuta kiganjani. Anaongeza tone la kitu kingine kutoka kwenye kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya sindano, anasugua viganja na kuanza kukanda kisigino. Harufu inajaa ua mzima: mchaichai, karafuu kwa mbali, na kitu kinachofanana na ua waridi. Mwenye mguu anafumba macho. Anauza viazi sokoni, ana watoto wadogo na mume asiyeonekana nyumbani, lakini kwa muda huu hata akiitwa haitiki.

"Mwanamuke wa hapa iko anashikwa na kila kitu," anasema Raihana bila kuinua kichwa. "Mutoto anamushika, mume anamushika, jembe linamushika. Hapa kwangu na yeye anashikwa vizuri."

Raihana ana miaka arobaini na kitu. Hiyo "kitu" amekataa kuitaja na mwandishi hakumlazimisha. Babu yake alifika Kigali enzi za Wajerumani akitokea Bagamoyo na mzigo wa vitambaa, akaoa Mnyarwanda, akasahau kurudi. Alichowaachia wajukuu ni mambo mawili: kupenda kunukia, na Kiswahili ambacho Raihana anakilinda kama sahani za kigeni. Ukimwambia "karamu" ukikusudia kalamu, atakuuliza ni karamu ya nani, na kama umealikwa.

Mafuta alifundishwa na mama yake. Upande wa bibi mzaa mama, Wanyarwanda, wanawake walijipaka siagi ya ng'ombe iliyotiwa majani ya kunukia. Upande wa babu walijua karafuu, udi na asumini. Raihana alikulia katikati ya harufu hizo mbili, na alipoachika akiwa bado kijana, ndizo alizozigeuza kazi.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kuna mafuta laini, ambayo unaweza kujipaka mwili mzima na mtoto ukampaka. Kwa Raihana hayo ni mafuta ya lozi, yanayoletwa na madereva wa malori kutoka pwani. Zamani yalipita Uganda, lakini tangu vita vianze kaskazini barabara ya Gatuna haipitiki, kwa hiyo sasa yanazungukia Rusumo, mpaka wa Tanzania, na yanafika yanapotaka.

Halafu kuna mafuta makali, yale yanayokenekwa, yaani kutolewa kwa mvuke, kutoka kwenye majani na maua, ambayo tone lake moja linatosha kiganja kizima. Yupo mzee mmoja nje ya mji mwenye pipa la kukenekea. Yeye huchemsha majani ya mmea ambao waliosoma huuita jeraniamu. Harufu yake ni ya waridi kabisa, na kwa kuwa Wakigali wamelizoea neno la Kifaransa la waridi, wote huyaita rozi.

Kwa hiyo lozi ni laini na rozi ni kali. Lozi unaijaza kiganjani, rozi unaidondosha tone. Kwa sikio la Raihana, mjukuu wa Bagamoyo, hayo ni maneno mawili yasiyohusiana hata kwa ukoo. Kwa sikio la Mnyarwanda wa kawaida ni neno moja limetamkwa mara mbili. Huu ni mji ambao jina lake wenyewe wanaliandika kwa L na kulitamka kwa R, wala hakuna anayekosa usingizi kwa ajili hiyo.

Raihana naye hakukosa usingizi, maana miaka yote alichanganya mwenyewe, kwa mikono yake, mteja akiwa ameketi mbele yake. Msiba ulianza siku aliyokubali mtu akachanganye kwao.

Mtu huyo ni Mukantwari, msichana mpole mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Anafanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja huko Kacyiru. Daktilo, kama wanavyosema hapa. Ameposwa na mwalimu anayeitwa Silvère, na harusi ni mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa akija Biryogo kila akitoka kazini, apakwe uso na shingo. Ilipokuja amri ya kutotembea usiku, akawa hawezi kufika na kurudi kabla magari hayajaisha. Alimwomba Raihana ampe mafuta aende nayo.

Raihana alimpa vichupa viwili vinavyofanana, maana chupa siku hizi ni za kuokoteza. Alivibandika karatasi, akaandika kwa penseli LOZI juu ya kimoja na ROZI juu ya kingine. Akamweleza polepole, kwa Kiswahili chake safi, kwamba ajaze lozi kiganjani na aongeze rozi tone moja. Mukantwari aliitika, akashukuru, akaenda.

Alichokisikia ni kwamba ajaze rozi kiganjani na aongeze rozi.

Alipofika nyumbani na kuvitazama vichupa, anasimulia mwenyewe, alimwonea huruma mama wa watu. Aliona neno moja limeandikwa mara mbili, mara ya kwanza kwa makosa. Na kwa kuwa kazi yake ya kila siku ni kuwasahihishia wakubwa barua zao, alichukua kalamu ya wino wa buluu, akaigeuza ile L kuwa R. Kisha akachagua kichupa chenye harufu nzuri zaidi, akajaza kiganja, akajipaka uso wote na kulala.

Asubuhi aliamka macho hayafunguki. Mashavu yalikuwa yamevimba na kuwa mekundu, ngozi ya paji la uso inawaka. Watawa wa zahanati walimpa dawa ya kupaka na kumwambia ashukuru Mungu kwamba hayakuingia machoni.

Mambo yangeishia hapo kama mafuta yale yasingekuwa na jina lile. Kwa Kinyarwanda, uburozi ni sumu na uchawi kwa pamoja, na mwenye kuutenda ni umurozi. Msomaji anayelijua neno kuroga hahitaji mkalimani. Uso wa bibi harusi umeungua, na chupa mbili zilizokutwa chumbani kwake zimeandikwa ROZI zote mbili, kwa herufi kubwa, kana kwamba aliyezitengeneza alikuwa akijisifu.

Shangazi yake Silvère, mama mzito mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alivifunga vichupa vile kwenye leso akaja navyo Biryogo. Aliingia uani siku ambayo ua umejaa. Aliviweka juu ya mkeka mbele ya watu wote, akasema kwamba Waswahili wa Biryogo wanajulikana, na kwamba huyu hata kuficha hakuficha, ameiandika sumu yake kwa mkono wake.

Raihana alivichukua, akavitazama. Aliiona pale pale ile R ya wino wa buluu juu ya L yake ya penseli.

Hakumwonyesha mtu. Alivirudisha kwenye mkeka na kusema pole kwa mgonjwa, na shangazi akavifunga tena kwenye leso na kuondoka navyo.

Majirani hadi leo wanamshangaa. Alikuwa na ushahidi mkononi, na angejitoa kwa kunyoosha kidole tu. Mwandishi alipomuuliza, alichukua muda mrefu kufunika sufuria ambayo tayari ilikuwa imefunikwa.

"Yule mutoto anaenda kuolewa," alisema. "Ningesema ni yeye aliandika, pale mbele ya shangazi wa bwana? Angeingia kwa wakwe na jina la mujinga, angekaa nalo mupaka kufa. Nikasema, mimi nimezeeka, wacha jina baya linikae mimi. Sikujua kama litakuwa zito hivi."

Lilikuwa zito. Wanawake walipungua kidogo kidogo, kila mmoja na udhuru wake. Mwenye nyumba alianza kuuliza, kwa adabu lakini kila siku, kama hafikirii kuhamia kwa ndugu zake. Mama mmoja aliyekandwa uani hapa tangu alipojifungua kifungua mimba sasa akikutana na Raihana kisimani humtanguliza mwanawe upande wa pili. Fedha za Jumamosi moja, ambazo zilitosha kodi ya chumba na kitoweo, sasa hazifikii mkaa. Lakini kinachomuumiza, anasema, ni watoto. Wanapopita barabarani wanapunguza sauti, halafu wakishafika mbali wanapiga kelele neno lile.

"Mutu akikuita umurozi hapa Kigali, haliishi," anasema. "Unaweza kuhama, lenyewe linakutangulia."

Inauma kumsikiliza. Huyu ni mwanamke anayejaribu kila mafuta kwenye kiwiko chake kabla ya kumgusa mtu, na hawezi tena kumpakata mtoto wa jirani.

Anajilaumu pia, na hapo mwandishi hakuona sababu ya kumbishia. Miaka yote amewacheka watu kwa R zao, na hajawahi kufikiria kwamba yeye ndiye anayesema lugha ambayo ua wake mwenyewe hauisikii. Kumwandikia Mnyarwanda LOZI na ROZI, anasema sasa, ni sawa na kumpa mtu funguo mbili gizani.

Maongezi yamefika hapo, muuza viazi ameanza kuvaa viatu, ndipo kanga zinasogezwa na anaingia Mukantwari.

Uso wake umetulia, ila mashavuni ngozi bado inabanduka na rangi haijalingana. Angeweza kujifunika kitambaa, hakujifunika. Amemshika mkono mama mzito mwenye matope miguuni, na wanawake waliokuwa wakiongea wote wanageuza vichwa. Ni shangazi yake Silvère. Kwa jinsi anavyovutwa, ni wazi hakuambiwa wanakokwenda.

Raihana anainuka nusu. Anatazama mlango wa chumba chake, kama mtu anayefikiria kuufunga akiwa ndani.

Mukantwari hamwamkii hata mtu. Ameshika mkono wa shangazi kama mtoto anayeogopa kuangushwa, na anazungumza haraka, Kiswahili na Kinyarwanda vikipandana.

"Nataka nyote musikie. Huyu mama hakuniroga. Aliandika vizuri, herufi mbili mbalimbali. Mimi ndiye nilikosoa. Mi niko daktilo, nakosoaga watu kila siku, nikaona na yeye amekosea." Anamgeukia shangazi. "Aliona wino wangu na akanyamaza. Juzi ndio nimevishika vile vichupa kwako, nikaona L yake iko chini ya wino wangu. Mbabarira, unisamehe, mama Raihana."

Anakaa kwenye mkeka. Anavua kitambaa cha kichwani, anafumba macho, na kumwinulia Raihana uso ule ule uliobabuka. Anamwambia ampake, hapa hapa, watu wakiona.

Raihana anafuta viganja kwenye kanga yake. Anamimina mafuta laini matupu, bila tone la kitu kingine, na anayatandaza kwenye mashavu yale kwa ncha za vidole. Analia huku akipaka, wala hajifichi. Muuza viazi naye analia, na kwa taarifa ya wahariri, haikuwa rahisi kuandika kwa dakika hizo.

Shangazi amebaki amesimama. Ni mwanamke asiyezoea kukosea, na kulishughulikia jambo hilo geni kunamchukua muda. Anatazama ukuta. Anatazama wanawake, ambao wote wanamtazama yeye. Mwishowe anashusha jembe, anajishikiza ukutani, anaketi ukingoni mwa mkeka na kunyoosha miguu yake yenye matope mbele, akiwa ametazama pembeni.

Raihana anavuta karai na kuanza kumwosha.

Shangazi anauliza, akielekeza kidevu kwenye vichupa vya mafuta vya Raihana, siku hizi hayo yanaitwaje. Raihana anasema mafuta laini na mafuta makali. Hataki tena kusikia lozi wala rozi uani kwake. Na hampi mtu tena chupa aende nayo. Anatafuta chumba kidogo karibu na Kacyiru, cha kukaa siku mbili kwa wiki, ili wanaotoka maofisini wamfuate mchana na kila tone litoke mkononi mwake. Kodi yake hajui ataipataje. Anatumaini wanawake watarudi.

Hakuna aliyeahidi kitu. Shangazi anakandwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na ni katika ule wa kushoto ndipo mabega yake yanaposhuka. Anapomaliza anavaa viatu, anachukua jembe na mkwe wake mtarajiwa, anapita chini ya kanga na kutoka.

Akiwa ameshafika barabarani, mbele ya fundi cherehani na wateja wake, mbele ya watoto wa mtaa wanaosikiliza kila kitu, anageuka na kuita kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde, akijitahidi kwa Kiswahili chake kizuri kuliko vyote:

"Layihana! Siku ya harusi ukuje mapema, bibi harusi ni wewe utamupaka!"

Raihana aliitika. Hakumkosoa.