Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Shivachi

Ninyi wajukuu wangu mnaosoma hata gazeti la kufungia nyama, someni na hili. Nawasikia mkienda kupiga kura mkilalamika kwamba mstari ni mrefu. Mimi nikipita mahali mgomba umekatwa, ile harufu ya utomvu mbichi inanifanya nijifunike pua kwa leso. Si kwamba inanuka vibaya. Ni harufu ya mazishi ya baba yangu mdogo, Shivachi, ambaye hakuwa amekufa.

Alikuwa fundi wa mawe Nairobi. Wakati wa Hali ya Hatari askari wa mzungu walizoa mtaa mzima, naye wakamzoa, akapotelea kambini. Miaka ikapita, habari hakuna. Kwetu Iguhu, mtu aliyepotea hivyo huiachi roho yake izurure. Unakata mgomba, unaulaza kwenye mkeka wake, unauzika, watu wanalia na kunyoa. Nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, alinyoa. Mimi nilinyolewa pia, nikafurahi, maana chawa walikosa pa kukaa.

Halafu, uhuru ukiwa karibu, Shivachi akatokea njiani mchana kweupe, viatu mkononi. Watoto tulitoka mbio. Kukhu hakukimbia, ila alimzuia langoni. Mtu aliyezikwa haingii nyumbani mpaka wazee wakutane, kondoo achinjwe, kaburi lifukuliwe. Akakaa nje ya boma. Chakula nilimsukumia kwa fimbo. Obusuma, yaani ugali wetu, ulipoa, akaula polepole akinitazama kana kwamba mzimu ni mimi.

Wazee hawakukutana. Liguru, mkubwa wa kijiji chetu, kila akiitwa ana ng'ombe mgonjwa. Ikafika siku ya mwisho ya kuandikisha wapiga kura, na Liguru ndiye aliyetakiwa kusema mbele ya karani: huyu ni mtu wetu. Kukhu akamfuata, akamleta mpaka langoni.

"Nitasemaje yuko hai?" Liguru akauliza. "Udongo nilimwaga kwa mkono wangu. Maiti haipiganga kura."

Majirani wakacheka. Shivachi hakucheka.

"Mama," akasema, "kule kambini waliniitanga namba. Hapa mnaniita marehemu. Nani ataniita Shivachi?"

Kukhu aliingia ndani, akatoka na jembe.

"We mama! Mwanamke hachimbangi kaburi!"

"Sichimbi, Liguru. Nafukua. Wewe nishikie kondoo. Kama naye ni mgonjwa, sema."

Chini tulikuta nyuzi nyeusi na maji, basi. Kukhu akaketi kwenye ule udongo akaita, "Shivachi!" kwa sauti ile ya kumwita mtoto aje kula. Kondoo akachinjwa. Liguru akampeleka kwa karani, kichwa chini, akasema yaliyotakiwa kusemwa.

Kura alipiga. Lakini ndani ya nyumba hakulala tena mpaka alipokufa kweli. Alitandika mkeka pale pale nje ya lango, na mvua ikinyesha alijikunja chini ya kipande cha bati. Utotoni nilidhani kambi ndiyo iliyomharibu. Nimekuja kuelewa nikiwa na wanangu mwenyewe: kambini alitoka. Sisi ndio tuliomfundisha kukaa nje.

Kwa hiyo nimewaamuru watu wa nyumba yangu, na sirudii: mtu wetu akirudi, awe ametoka jela, awe ametoka wapi, mlango wa mbele ufunguliwe kwanza. Ale. Alale. Maswali ni kesho.