Kisuba cha Kutumwa

Juzi hapa Gatongora, karibu na Thika, binti yangu alinionyesha video kwa simu. Ni Wahaida, watu wa visiwa fulani huko Kanada. Wanaojua lugha yao vizuri wamebaki wazee wachache tu. Mama wa rika langu amekaa jikoni na nyanya yake, anarudia neno moja moja kama mtoto wa chekechea, na simu iko mezani inarekodi. Binti yangu akacheka. Mimi nikamrudishia simu, nikaenda kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Wacha nikuambie, rafiki yangu. Mimi nililelewa na shosho, mama ya baba, kwa nyumba ya chumba kimoja pale Makongeni, Thika. Alikuwa Msuba wa kisiwani, Ziwa Victoria. Na majirani Waluo aliongea Kijaluo, maana huko kwao Kijaluo kilishameza karibu kila kitu. Sokoni, Kiswahili. Kisuba alikiweka cha nyumbani, cha kututuma sisi watoto: leta maji, funga mlango, geuza omena isiungue, kimbia dukani. Asubuhi chumba kinanukia makaa na uji wa wimbi, na amri zinakuja mfululizo, ai, hata nafasi ya kujikuna hupati! Tukimwomba atufundishe maneno mengine alisema, "Yatakupeleka wapi hapa Thika? Shika Kizungu." Nikakishika. Nilipokuwa namba mbili darasani, alizunguka ploti nzima akionyesha watu ripoti yangu.

Mwaka juzi alipata kiharusi, nikamleta kwangu. Kiswahili kikampotea, Kijaluo kikafuata. Kikabaki Kisuba peke yake. Jirani yangu Mluo alikaa naye, akamsikiliza, akatikisa kichwa. "Pole dadangu, hii si ya kwetu." Nikapiga simu kisiwani, binamu ya baba akasema waliokijua kwao wameshaisha. Basi, akitaja maji, naleta. Akitaja mlango, nafunga. Mama mzima nina watoto, na zaidi ya kutumwa mimi ni bubu.

Alasiri moja akanishika mkono. Akaongea kwa muda mrefu, polepole, machozi yakimtoka, na ndani ya maneno yake hakukuwa na maji wala mlango. Akamaliza, akaningoja. Aki nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Simu ilikuwa mfukoni na sikukumbuka kurekodi, mjinga mimi. Nikatoa jibu la pekee nililolijua kwa lugha yake, lile la mtoto aliyetumwa: ndiyo. Uso ukamlegea, akauachilia mkono wangu, akalala. Siku tatu baadaye alitutoka.

Watu wa kanisa huniambia alikuwa ananibariki. Wamejuaje? Huenda aliomba arudishwe kisiwani, na sisi tulimzika hapa Thika. Nilimkubalia shosho jambo, na hakuna aliyebaki wa kuniambia ni lipi.